Pikapu Kuukuu ya Ukambani: Namna ya Kuinunua na Kuifufua

Kabla hujauliza bei, uliza pikapu hiyo imekuwa ikibeba nini. Kitui na Makueni hakuna pikapu iliyozeeka bila kazi, na kila mzigo una mahali unapoacha kovu. Iliyosomba mchanga wa mto Tiva au Thwake huwa imepinda chesisi au imepasuka nyuma ya kebini. Iliyobeba maembe kutoka Kathonzweni hadi Emali msimu baada ya msimu huwa imechosha springi, klachi na bawaba za mlango wa nyuma. Iliyobeba makaa kabla Kaunti ya Kitui haijapiga marufuku biashara hiyo mwaka 2018 huenda ikawa na nafuu, maana gunia la makaa ni kubwa kwa macho lakini jepesi. Ya kuogopwa zaidi ni ile iliyouza maji. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, mitungi huvuja, na sakafu ya bodi huliwa polepole kutoka upande wa chini usioonekana mpaka siku mguu unapopenya.

Piga hesabu mwenyewe. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, kwa hiyo mitungi 50 ni tani moja, na tani moja au zaidi kidogo ndiyo iliyokusudiwa na waliounda pikapu nyingi za zamani. Nenda kwenye kioski chochote cha maji wakati wa kiangazi uhesabu mitungi iliyopangwa juu ya gari moja. Mchanga ni mbaya zaidi: mita moja ya ujazo ina tani moja na nusu hivi, na ukiwa umeloa huzidi hapo. Mwenye gari atakuapia kwamba halijawahi kuzidishiwa mzigo. Mwitikie kwa heshima, kisha uingie chini ya gari uangalie.

Msimamo wangu ni huu, na mengine yote humu yanatokana nao: nunua chuma na karatasi. Injini, gia na breki zinapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, na fundi wa Wote, Mwingi au Kibwezi atazifunga. Lakini chesisi iliyooza na logbuku isiyo na mwenyewe haziuzwi duka lolote. Watu wengi hufanya kinyume. Husikiliza injini ikinguruma vizuri, hutoa pesa, halafu hugundua kwamba wamenunua injini peke yake.

Ipi ya kutafuta

Usitarajie kuagiza gari la aina hii kutoka nje. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa Kenya, kwa hiyo kila pikapu ya miaka ya 1970 na 1980 unayoiona barabarani imeishi hapa hapa. Hilo lina faida kwako. Historia yake haimo kwenye mtandao wa mnada wa Japani bali imo vichwani mwa watu: fundi aliyeifungua, dereva aliyeiendesha, mwenye duka aliyeikodi. Na hewa kavu ya Ukambani huhifadhi mabati kuliko hewa ya Mombasa. Kati ya pikapu mbili zinazofanana, moja ya Mutomo na nyingine ya Likoni, mimi ningefuata ya Mutomo hata kama haiwaki.

Kwa wengi, pikapu ya zamani maana yake ni Peugeot 504. Gari lenyewe lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, pikapu ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970, na kiwanda cha AVA cha Mombasa kiliendelea kuiunganisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha. Sifa yake ilipandishwa pia na Safari Rally: Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili mwaka 1978. Uzuri wake ni ulaini kwenye barabara mbovu. Ubaya wake ni kwamba haina chesisi inayojitegemea kama ya Hilux. Mihimili yake imechomelewa pamoja na kebini. Ikioza hapo, huwezi kufungua boliti ukabadilisha. Ni kukata na kuchomelea upya, na fundi wa kuifanya kazi hiyo ikanyooka si kila mmoja.

Toyota Hilux ilianza mwaka 1968. Zinazopatikana huku kwa wingi ni zile za kuanzia miaka ya 1980, za petroli au za dizeli. Ikiwa ni dizeli yenye injini ya 2L, jua mapema kwamba hedi yake hupasuka ikichemshwa, na mkanda wa taimingi una mwisho wake. Ukikatika ukiwa mwendoni, vali hugongana na pistoni. Mbali na hayo, ndiyo rahisi kuliko zote kupata vipuri, na chesisi yake ya ngazi inapimika na kunyoosheka.

Datsun 1200 ni ndogo, na watu huidharau kwa sababu hiyo. Injini yake ya A12, sentimita za ujazo 1,171, ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuifungua na kuifunga bila kuogopa. Afrika Kusini waliendelea kuunda ndugu yake, Nissan 1400, mpaka mwaka 2008, kwa hiyo vipuri vingi bado vinazunguka. Kwa mwenye shamba dogo la maembe au duka la kijijini inatosha kabisa. Ila usiitumie kwa mchanga.

Land Cruiser za zamani, zile zilizotumikia misheni na miradi ya maji, ni nzuri mno, na wenye nazo wanajua hivyo. Bei zao ni za watu wa mashindano ya magari. Land Rover ni mapenzi. Sibishani na mapenzi.

Utakutana pia na 504 yenye injini ya Toyota, au Datsun iliyowekewa injini ya gari dogo la saluni. Si dhambi, lakini angalia vitu viwili: waliposhikiza injini na gia palichomelewa vipi, na kama namba ya injini iliyomo ndiyo iliyo kwenye logbuku. Ikiwa sivyo, mwenye gari ndiye wa kusahihisha kabla hajakuuzia. Usikubali kuachiwa kazi hiyo.

Wakati wa kununua

Epuka Desemba mpaka Machi. Maembe yanaiva, ndengu za mvua ya vuli zinavunwa, na kila kinachotembea kwa magurudumu kina kazi. Hata gari bovu hupandishwa bei. Julai hadi Septemba kuna kiangazi, mizigo imepungua, na barabara kavu zinakuruhusu kufika kule Nuu au Endau ambako magari yamelala miaka. Januari nayo ina sura mbili: gari linalofanya kazi haliuzwi kirahisi, ila lile lililolala huuzwa upesi kwa sababu ya karo. Ukienda wakati huo, punguza bei kwa adabu; mtu anayeuza gari apate karo ya watoto hasahau aliyemdhulumu, na huenda baadaye ukahitaji saini yake.

Pa kutafuta ni nyumbani kwa watu, si kwenye yadi. Uliza wafanyabiashara wa sokoni Kikima na Kabati, uliza mafundi wa redieta na wa springi, kwa sababu wao wanajua gari gani liliingia na halikutoka. Minada ya magari ya serikali na ya taasisi, yale yaliyopitishwa na bodi kwamba hayafai tena, hutoa pikapu zilizotunzwa kwa ratiba na zikanyimwa huduma miaka ya mwisho. Kabla ya kutaja dau, soma masharti uone utakabidhiwa karatasi gani.

Karatasi kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Anza na namba ya usajili. Gari lenye namba ya mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, lilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Ingia eCitizen, nenda kwenye huduma za NTSA, lipa shilingi 550 utoe nakala ya kumbukumbu za gari. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Magari mengine ya zamani hayaonekani kabisa kwenye mfumo kwa sababu rekodi zake zilibaki kwenye makaratasi. Hilo linatengenezeka, lakini na mwenye gari, si wewe, na kabla hujatoa hata senti. Logbuku iliyopotea vilevile: mwenyewe apate hati ya polisi, aombe nyingine, kisha mzungumze.

Kuna na mikopo isiyoonekana kwenye logbuku. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake juu ya gari kwenye sajili ya serikali. Sajili hiyo nayo hupekuliwa kupitia eCitizen. Ipekue.

Sasa jambo zito zaidi. Pikapu nyingi za zamani huku ni za wazee waliokwisha kufariki. Gari limelala chini ya mwarobaini, mtoto mmoja anaishi nyumbani, anakuonyesha funguo na kitambulisho cha baba yake. Unamwendea mjane kwa heshima, na mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mwaitu, mzee aliacha logbuku?"

"Aliacha watoto saba na hiyo gari, mwanangu. Logbuku muulize mkubwa, yuko Nairobi."

Hapo simama. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama chini ya Sheria ya Urithi, na barua ya chifu haitoshi. Barua hiyo husaidia kuanzisha kesi ya mirathi, haihamishi umiliki. Ukimlipa mtoto mmoja, wengine sita wanaweza kuja siku gari linapong'aa, na watakuwa na haki. Kama familia haijafungua mirathi na gari linakuvutia kweli, kubaliana nao wote bei kwa maandishi, acha kiasi kidogo cha kuonyesha nia kwa wakili, kisha subiri. Mahakama za Kitui na Makueni hushughulikia mambo haya kila wiki. Gari lililolala miaka kumi na mitano halitaharibika zaidi kwa kulala miezi minane. Lifunike tu turubai, na uwaombe wasichomoe kitu.

Siku ya kuhamisha, muuzaji ndiye anayeanzisha kwenye akaunti yake ya NTSA, wewe unakubali na kulipia kwenye yako. Salio hutolewa mfumo ukishaonyesha kwamba uhamisho umekubaliwa. Anayekuambia "nipe zote leo, transfa tutafanya wiki ijayo" anakuomba umkopeshe.

Na namba ya chesisi uione kwa macho yako. Beba brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, sugua mpaka tarakimu zitokee, zilinganishe moja moja na nakala. Ikiwa pamesagwa au pamechomelewa bamba jipya juu, rudi nyumbani.

Kulikagua

Fika asubuhi, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla yako. Gusa boneti. Ikiwa ina joto, mtu ameficha kitu, pengine tatizo la kuwaka kukiwa na baridi. Beba tochi, bisibisi, sumaku ndogo, kamba ndefu na kadibodi ya kulalia.

Tembeza sumaku kwenye milango, matagadi na pembe za kebini. Inapoacha kushika, chini yake ni puti. Gonga sakafu na mihimili kwa mpini wa bisibisi na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Kisha chukua kamba, pima kutoka boliti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana sana, chesisi imepinda. Kwenye 504 kaza macho nyuma ya kebini na chini ya miguu ya dereva. Kwenye Hilux angalia inaposhikiliwa springi ya nyuma na upinde wa chesisi juu ya ekseli. Vibandiko vya chuma vilivyochomelewa kimoja juu ya kingine vinakuambia kwamba mzigo ulirudiwa baada ya kila tengenezo.

Rangi mpya kwenye gari linalouzwa hunipa shaka kuliko kutu. Kutu unaiona.

Ikiwa linawaka, fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya maziwa ni maji. Fungua redieta kabla haijapata moto: mapovu yasiyokoma injini ikizunguka ni gasketi au hedi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi kwenye dizeli ni nozeli au pampu, au chujio la hewa lililoziba. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa moto ni maji ndani ya silinda, au dizeli isiyoungua. Kisha litafutie mlima. Upande wa Makueni, kupanda Nunguni au Kikima kutakuonyesha hali ya klachi, redieta na ringi kuliko maneno yote ya muuzaji. Ukishuka, achilia mafuta kwa muda halafu kanyaga. Ukiona wingu la buluu nyuma yako, sili za vali zimekwisha.

Lile lisilowaka lina ukaguzi wake. Angalia mchwa kwenye mbao za bodi na ndani ya viti, panya kwenye nyaya, nyigu waliojenga kwa udongo ndani ya mrija wa kabureta. Piga hodi kabla ya kutia mkono chini ya kiti. Nyoka hupenda magari yaliyolala. Injini iliyokwama usiipige stata wala kuivuta kwa trekta. Toa plagi au nozeli, mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi kila silinda, iache siku kadhaa, halafu jaribu kuizungusha kwa spana kubwa ya mbele ya kranki, taratibu, mbele na nyuma. Ikikubali, umeokoa pesa. Ikikataa, punguza bei ya injini nzima.

Bajeti yangu ni hii: kila shilingi unayompa muuzaji, weka nyingine pembeni kwa gereji, na nusu ya hiyo kwa yale utakayoyakuta ukishafungua. Kama huna hizo mbili na nusu, tafuta gari la bei ya chini zaidi. Wengine hununua pia gari la pili, bovu, la kuchinja. Linafaa, mradi nalo liwe na karatasi.

Gereji

Chagua fundi kwa magari aliyoyamaliza, si kwa magari yaliyomzunguka. Uwanja uliojaa magari yaliyofunguliwa ni wa mtu anayeanza sana. Cheti cha NITA ni kizuri, na vijana wa Wote Technical hufanya kazi safi, lakini wapo wazee wasio na karatasi wanaosikia ugonjwa wa 504 kabla haijaingia getini. Hao wasikilize. Lipa kwa hatua: hatua ikikamilika, unaiona, unalipa. Vipuri nunua mwenyewe ukiwa na orodha yake, na udai kurudishiwa kila kilichotolewa. Kabla waya wowote haujang'olewa, piga picha kwa simu. Boliti za kila sehemu zitiwe kwenye kopo lake la Kimbo lenye jina.

Mpangilio wa kazi ni chesisi, breki na usukani, injini na gia, umeme, bodi, rangi. Shinikizo la kuanza na rangi litakuwa kubwa kwa sababu majirani wanataka kuona kitu. Likatae.

Kwenye chesisi, toa kwanza tangi la mafuta na ufungue betri. Ufa hauzibwi kwa kupitisha moto juu yake. Hutobolewa mwishoni ili usiendelee, huchomelewa, kisha huongezewa bamba lenye ncha zilizochongoka, siyo lililokatwa mraba. Mshono unaokatiza mhimili wima huwa ndipo patakapokatika tena.

Breki usizihurumie pesa. Badilisha masta silinda, silinda za magurudumu, mipira yote na mabomba yaliyoshika kutu, hata kama "bado yanafanya". Utateremka kutoka milima ya Mbooni na tani ya maembe. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa. Liloweshwe, lifutwe, kitambaa kitupwe.

Injini ya petroli ya 504 ina laina zinazochomoka, zinazozungukwa na maji. Haichongwi ikapewa pistoni kubwa zaidi. Unanunua laina, pistoni na ringi kama seti. Fundi asiyelijua hilo hufungua hedi akazungusha kranki, laina zikainuka, sili za chini zikaharibika, na baada ya wiki maji yanaingia kwenye oili. Hedi ikitoka, laina zibanwe kwa vyuma na boliti. Muulize fundi swali hili kabla hujamwachia gari: ukifungua hedi, laina unazishika na nini? Datsun na Hilux ni tofauti, hizo huchongwa, kwa kawaida nusu milimita kwa wakati, na karakana ya mashine inaposhika kazi hiyo, peleka pistoni mpya pamoja na bloku ili wachonge kwa kuzipima.

Sasa maji. Redieta nyingi za huku zinauawa na kisima. Chumvi hujenga ganda ndani ya mirija na kula hedi ya aluminiamu mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Baada ya kufufua injini, tumia maji ya mvua ya tangi la nyumbani pamoja na kulanti, na ubebe galoni lake kwenye gari ili usije ukaongeza ya mtoni Kalawa. Redieta ya zamani ya shaba isitupwe: fundi hufungua tangi la juu, hupitisha waya bapa kwenye kila mrija, huifunga kwa risasi, na hudumu kuliko nyingi mpya za plastiki. Rudisha pia themostati. Karibu kila gari la zamani huku limetolewa themostati kwa hoja kwamba kuna joto. Kuitoa huficha redieta iliyoziba, na injini inayopanda Kilungu asubuhi ya Julai bila kupata joto hula mafuta na kumaliza silinda.

Vumbi ndilo adui wa pili. Kama gari lako lilikuja na chujio la hewa lenye bakuli la oili, usibadilishe kwa la karatasi. Kwenye barabara za Zombe na Kyuso, bakuli linasafishwa, oili inabadilishwa, safari inaendelea. La karatasi lingetaka duka. Hakikisha mpira unaounganisha chujio na kabureta hauna ufa hata mdogo, maana injini iliyofungwa vizuri huisha ndani ya msimu mmoja ikivuta vumbi hapo.

Umeme utake uwe mchache: fyuzi mpya, ardhi iliyosuguliwa mpaka chuma king'ae, nyaya zilizofungwa mbali na panya na moto wa ekzosi. Altaneta badala ya dainamo ni badiliko ninaloliunga mkono. Redio ni juu yako.

Bodi ichongwe upya na welda wa jua kali kwa bati nene la geji 16 sakafuni, na lipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili kabla halijafungwa. Puti iwe ngozi nyembamba. Ukitaka kuonyesha gari kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, inayofanyika tangu mwaka 1970, tafuta rangi halisi ya kiwanda na vioo vya asili. Ukitaka kulifanyia kazi, paka rangi ile ile iliyo kwenye logbuku. Kubadilisha rangi ni lazima kuandikishwe, kama kubadilisha injini.

Kurudi barabarani

Pikapu huhesabiwa gari la biashara, kwa hiyo lina ukaguzi wa NTSA kila mwaka na kodi ya awali ya KRA, hata kama unabeba nyasi za ng'ombe wako. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Kampuni nyingi hazitoi bima kamili kwa gari la umri huu bila tathmini, basi hifadhi risiti na picha za kila hatua. Tairi soma ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye mashimo marefu na umri wa miaka kumi ni zee, ling'ae lising'ae.

Injini mpya isipelekwe moja kwa moja kwenye mzigo, wala isiachwe ikinguruma uwanjani mchana kutwa. Iendeshe na mzigo nusu, mwendo unaobadilika, bila kukaza gia ya juu mlimani. Barabara ya lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo inafaa sana kwa hili: ndefu, wazi, na yenye vituo vya kusimama na kuangalia chini. Simama, angalia matone ya oili, gusa dramu za magurudumu moja moja. Lenye moto kuliko mengine lina breki inayoshika au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili na ubadilishe chujio. Injini ikiwa baridi, hedi ikazwe upya kwa mpangilio wa kitabu kama gasketi iliyotumika inataka hivyo, kisha vali zipimwe. Boliti zinazoshika springi kwenye ekseli nazo zikazwe siku hiyo hiyo, maana ndizo zinazolegea kwanza kwenye barabara ya mawe na ndizo zinazosahaulika.